Bata Mzinga Mezani, Jembe Shambani: Historia Fupi ya Mlo wa Noeli katika Uwanda wa Kati



Wapendwa wanaparokia na wasomaji wetu, kila mwaka Majilio yanapokaribia kwisha huletwa kwetu swali ambalo halimo katika katekisimu. Familia fulani imefuga au imenunua bata mzinga wa Noeli, ndege wa kilo sita au saba, na mama wa nyumba anauliza: huyu ataokwaje hata aive ndani pasipo kukauka nje? Na ule mkate wa kujazia tumboni mwake, je, utiwe humo humo au upikwe pembeni? Juma hili tumeona vema kulijibu swali hilo, lakini kwa njia ndefu kidogo, kupitia historia. Maana kila kinachofika mezani kimesafiri, na asiyejua kilikotoka hajui pia kinamdai nini.

NDEGE ALIYEAZIMA JINA

Tuanze na jina. Bata mzinga si bata. Ni jamaa wa kuku, kware na kanga, na asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Wenyeji wa Meksiko walianza kumfuga zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na Wahispania waliofika huko mwanzoni mwa karne ya 16 ndio waliomvusha bahari hata Ulaya. Huko Ulaya hakuna aliyejua amwiteje. Waingereza walikuwa wakimfahamu kanga, ndege wa Afrika aliyewafikia kwa mikono ya wafanyabiashara wa dola ya Waturuki, nao wakamwita kwa jina la nchi ya Uturuki. Mgeni wa Meksiko alipotokea walimfananisha na kanga, wakampachika jina lile lile, na hatimaye akalinyakua lote. Wafaransa wakamwita kuku wa Uhindi. Waturuki wenyewe humwita hindi. Wareno wakampa jina la Peru, ambako hakutoka. Hata wataalamu wa elimu ya viumbe walipompa jina la kitaalamu, Meleagris, walitwaa neno ambalo kwa Wagiriki wa kale lilikuwa la kanga.

Tusiwacheke. Sisi nasi tuliyaita mahindi kwa jina la Uhindi, ilhali asili yake ni Meksiko, kijiji kimoja, tuseme, na ndege huyu. Hivyo kanga mwenye madoa anayekimbia katika vichaka vya Ugogo alfajiri ndiye mwenye jina la kwanza, na yule ndege mkubwa anayepambwa katika meza za Ulaya na Marekani ameazima kwake. Hatusemi hayo ili kujivuna. Twayasema kwa sababu wapo waumini wanaodhani kwamba Noeli isiyo na bata mzinga ni Noeli pungufu, na kwamba jogoo wa kienyeji, wa namna ile iliyoupatia mkoa wa Singida sifa hadi Dar es Salaam, ni chakula cha wasiojaliwa. Sivyo. Desturi ya bata mzinga yenyewe ni changa. Uingereza, kwa karne nyingi, watu wengi walipoweza kupata ndege wa Noeli walimla bata bukini. Bata mzinga alikuja kumshinda katika karne ya 19. Mwaka 1843 Charles Dickens alitoa hadithi yake mashuhuri ya Noeli, ambamo tajiri bahili, Scrooge, baada ya kuguswa moyo, anamtuma kijana akanunue bata mzinga mkubwa kuliko wote dukani, ampeleke kwa familia ya karani wake maskini. Tuliweke jambo hilo akilini, tutalirudia: ndege yule mashuhuri hakununuliwa ili aliwe na mnunuzi.

NOELI YA MAVUNO NA NOELI YA JEMBE

Katika Ulaya, mwezi Desemba huja baada ya mavuno. Nafaka iko ghalani, na zamani wakulima walichinja mifugo mwanzoni mwa majira ya baridi kwa kuwa malisho yalikuwa haba. Kwa hiyo sikukuu ya kuzaliwa kwa Bwana iliangukia katika majira ya shibe. Meza iliyojaa ilikuwa shukrani kwa mwaka uliokwisha.

Kwetu mambo ni kinyume. Dodoma hupata mvua ya kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Noeli hutukuta na jembe mkononi. Uwele na mtama ndiyo kwanza unapandwa, na utavunwa baada ya masika kwisha. Wakati huohuo kilichobaki ghalani kinahesabiwa kwa vibaba. Januari na Februari ni miezi ambayo wazee wetu waliiogopa kuliko kiangazi chenyewe. Hivyo mama wa Ugogo anapopika kwa wingi siku ya Noeli hatumii ziada. Anatoa katika akiba. Karamu yake ni tendo la imani kwamba mvua itaendelea.

Kanisa nalo lilijua kupima karamu. Kwa sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, mkesha wa Noeli ulikuwa siku ya kufunga na kuacha nyama, na aliyetaka kukomunika hakula wala kunywa tangu usiku wa manane. Sharti hilo la komunyo lililegezwa hatua kwa hatua na Papa Pius wa Kumi na Mbili katika miaka ya 1950, na mwaka 1966 Papa Paulo wa Sita aliziandika upya sheria za mfungo. Sheria zimebadilika kwa sababu njema, lakini mpangilio wake tusiusahau: kwanza njaa kidogo, kisha karamu. Asiyepata kuonja ya kwanza ni vigumu kuielewa ya pili.

MTUNYA

Hapa hatuna budi kusimama penye jambo zito. Ardhi tunayosherehekea juu yake ina kumbukumbu ya njaa iliyoitwa Mtunya, jina ambalo watafiti wamelifasiri kuwa kinyang'anyiro. Ilitokea kati ya mwaka 1917 na 1920. Si ukame peke yake ulioileta. Reli ya Kati ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910, na Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, reli hiyo na njia zake zikageuka kuwa mapito ya majeshi. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Majeshi ya upande wa Waingereza yalipoitwaa Dodoma mwezi Julai 1916, nayo yakachukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Mashamba yakakosa mikono, ghala zikakosa akiba, ndipo mvua zikakataa. Kisha ukafuata ugonjwa wa mafua makali uliozunguka dunia nzima. Yakadiriwa kwamba katika watu wapatao 150,000 wa Ugogo, kama 30,000 walipoteza maisha: mtu mmoja katika kila watano.

Tufikirie, wapendwa. Waliokuwa na nguvu walikula mezani kwa watu bila kualikwa, wakaondoka, na wenye nyumba wakabaki na vyungu vitupu. Ndiyo maana katika uwanda huu chakula hakiwezi kuwa pambo tu. Mzee anayeokota punje iliyoanguka si bahili. Huenda aliyemlea alikuwa mtoto wa Mtunya.

Miaka kama 30 baadaye, uwanda huu ulijifunza somo jingine la chakula. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikitafuta mafuta ya kula kwa ajili ya watu wake baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianza Kongwa mpango mkubwa wa kulima karanga kwa matrekta. Mibuyu na vichaka vikasumbua mitambo, udongo ukawa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, mvua haikutosha, na kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umeachwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Hata hivyo karanga, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini, iliendelea kustawi katika vishamba vidogo vya akina mama wetu, na hadi leo huungwa kwenye mboga za majani. Kitu cha kigeni hukubali kwetu kikiingia kwa kipimo cha ardhi na cha watu wake. Vivyo hivyo zabibu: wamisionari wa kutoka Italia walipanda mizabibu Bihawana, na leo zabibu ni zao la wakulima wa kawaida wa Dodoma.

SASA TUINGIE JIKONI

Baada ya hayo, tuna haki ya kumjibu mama yetu. Na tukiri kwamba jibu letu limetokana na aibu. Mwaka mmoja katika nyumba ya mapadre tulimjaza bata mzinga mkate hadi akafura, tukamwoka akapata rangi nzuri ya dhahabu, tukawakaribisha wageni. Kisu kilipofika ndani, mkate ulikuwa uji wenye damu. Wageni walikula wali na maharage.

Sababu ni hii. Mkate ulio tumboni hunyonya maji ya nyama mbichi, ambamo vijidudu kama salmonela huweza kuwamo. Ili uwe salama, kitovu cha mkate huo sharti kifikie joto la nyuzi 74 za Selsiasi; lakini umo katikati kabisa, na moto huufikia mwisho. Ukingoja uive, nyama ya kidari imekwisha kukauka. Ukimtoa ndege mapema, unawalisha wageni hatari. Tumbo likiwa wazi, joto hupenya pande zote mbili na ndege huiva sawasawa.

Kama alinunuliwa akiwa ameganda, ayeyuke ndani ya jokofu, siku moja kwa kila kilo mbili hadi mbili na nusu. Asiachwe mezani katika joto la Desemba. Kama amechinjwa nyumbani, anyonyolewe na kusafishwa vizuri, kisha alale ndani ya jokofu. Jioni ya mkesha mpake chumvi ndani na nje. Asubuhi mkaushe kwa kitambaa safi, mpake siagi, weka kitunguu kilichokatwa tumboni kwa ajili ya harufu tu, umwoke katika joto la nyuzi 165. Ndege wa kilo sita huchukua kati ya saa tatu na saa tatu na dakika 45. Kidari kikianza kuwa cheusi, kifunike kwa karatasi ya foili. Kipimajoto kichomwe penye unene wa paja bila kugusa mfupa, na pia penye kidari. Kikisoma 74 kote, mtoe, umwache apumzike kwa dakika 20 hadi 30 kabla ya kumkata. Asiye na jiko la kuokea asihuzunike: amkate vipande, avipange katika sufuria nzito, atie makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, kama apikavyo mkate wa sufuria.

Na mkate wa kujazia upikwe katika bakuli lake. Katakata mkate mmoja mkubwa wa jana, uukaushe. Kaanga vitunguu viwili na karoti kwa siagi. Ongeza maini na firigisi zilizochemshwa na kukatwa ndogondogo, kikombe cha karanga zilizokaangwa na kupondwa, nusu kikombe cha zabibu kavu, majani ya giligilani, chumvi na pilipili manga. Changanya na mkate, mimina mayai mawili yaliyopigwa na vikombe viwili vya supu ya shingo na mifupa. Funika, oka kwa muda wa dakika 40, na dakika kumi za mwisho ufunue ili juu pawe pakavu. Meksiko, Amerika ya Kusini, Bihawana na banda lako la kuku vyote vimekutana katika bakuli moja.

BAKULI LINALOTOKA MLANGONI

Kuna faida moja zaidi ambayo vitabu vya mapishi havielezi. Tumbo la ndege lina kipimo; humlisha aliyeketi mezani tu. Bakuli halina kipimo. Mkate ukiongezwa na supu ikiongezwa, bakuli huwa mawili, na la pili huweza kuvuka uchochoro kwa jirani ambaye jembe lake limemchosha na ghala lake limekwisha. Bwana wetu, alipokuwa mezani kwa mwenyeji wake, alimwagiza aandaapo karamu awaalike maskini, viwete na vipofu, wale wasio na cha kumlipa. Hata Scrooge wa hadithi alilielewa hilo.

Wazee hutusimulia kwamba jina la Dodoma lilitokana na mlo. Wagogo walitwaa ng'ombe wa Wahehe, wakawachinja na kuwala wote, wakabakiza mikia, wakaichomeka katika tope. Wenye mali walipofika wakaonyeshwa mikia ile na kuambiwa: idodomya, wamezama. Wengine husimulia kwamba aliyezama alikuwa tembo. Lakini ile ya ng'ombe ndiyo inayotuchekesha, na kicheko chake kina mwiba, kwa kuwa kila mmoja wetu amewahi kula kwa siri na kuonyesha mikia.

Noeli hii, wapendwa, awe bata mzinga, awe jogoo wa Singida, iwe ni karanga na mlenda, tule milango ikiwa wazi. Jumuiya ndogondogo zenye orodha ya wagonjwa na wajane ziiangalie kabla ya tarehe 24, wala si baada ya mabaki. Na mama aliyetuuliza swali, tunamwomba atengeneze mabakuli mawili.

Tunawatakia nyote Noeli njema na mvua ya kutosha.