Kiasi cha Bunduki Kilichoitikisa Bara Hindi



Wako watu wanaokusanya risasi kongwe kama wengine wakusanyavyo sarafu. Akiletewa moja, mjuzi hutazama imeundwa kwa kitu gani, hupima upana wake, kisha hugeuza kitako asome alama zilizochapwa. Lakini kiasi cha bunduki ya Enfield ya mwaka 1853 hakina ganda la shaba wala alama kitakoni. Hicho ni karatasi iliyoviringwa, nene kadiri ya kidole. Upande mmoja mna baruti, upande wa pili mna risasi. Fataki haimo, ilipachikwa mbali kwenye bunduki. Mwisho wenye risasi ulichovywa katika mafuta ili iteleze mtutuni. Askari aliung'ata mwisho wa baruti kwa meno, akaimimina, kisha akashindilia risasi.

Basi, mafuta ya mnyama gani? Hapo ndipo penye kisa. Januari 1857, huko Dum Dum karibu na Calcutta, habari zilienea miongoni mwa askari wa Kihindi kwamba ni shahamu ya ng'ombe na nguruwe. Ng'ombe kwa Wahindu ni mtukufu. Nguruwe kwa Waislamu ni haramu. Wakubwa wa Kiingereza hawakuwa wameshika hadhari yoyote katika jambo hilo. Baadaye waliruhusu askari wajipakie mafuta yao, na karatasi ikatwe kwa mkono. Wapi! Shaka ilikwisha ota mizizi.

Tarehe 24 Aprili, mjini Meerut, askari wapanda farasi 85 kati ya 90 walivikataa viasi. Na ajabu, walivyopewa siku ile vilikuwa vya aina ya zamani waliyoizoea! Tarehe 9 Mei walitiwa minyororo mbele ya wenzao. Kesho yake jeshi likaasi, na vita vikaenea.

Hapana shaka mafuta hayakuwa sababu pekee. Ufalme wa Awadh ulikuwa umenyakuliwa mwaka 1856, na manung'uniko yalikuwa mengi. Lakini zingatia, ewe msomaji: kiasi hutambulika kwa kukipima na kukitazama, ama uaminifu haupimwi hivyo. Mtawala aliyeyapuuza matukufu ya watu, hata kilicho safi mkononi mwake huonekana najisi. Je, sisi tuliopewa amana juu ya wengine, twayachunga wanayoyatukuza?