Msagali hadi Igandu: Nani Alimkagua Mwenye Reli?

Kuanzia Kilosa kupanda hadi Gulwe, Msagali na kuelekea Dodoma, Reli ya Kati imejibanza kwenye bonde moja. Huku juu mto wake unaitwa Kinyasungwe, kule chini ni Mkondoa. Kiangazi ni mchanga mtupu. Watu hufukua visima ndani yake na ng'ombe huvuka bila kulowa kwato. Masika yakishika, maji hushuka ghafla na magogo na tope, na tuta la reli ndilo la kwanza kupata habari.

Wajerumani walianza kutandika reli hiyo Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Bonde liliwapa mteremko wa wastani wa kupandia uwanda wa kati, nao wakalifuata. Tangu hapo kila mwenye reli amerithi mto pia.

Mwaka 1947 ilikuwa zamu ya Waingereza. Kongwa, si mbali na bonde hilo, palichaguliwa kuwa kitovu cha mradi mkubwa wa karanga, ili Uingereza iliyochoshwa na vita ipate mafuta ya kupikia. Ujumbe wa watu watatu ulioongozwa na John Wakefield ulikuwa umezunguka kwa wiki kama tisa tu, sehemu kubwa ukitazama nchi kutoka kwenye ndege. Halikulimwa shamba la majaribio. Mitambo ilipoanza kufika, Kinyasungwe ukafurika ukasomba reli, na mizigo ikabaki kutegemea barabara ya vumbi. Baadaye lilijengwa tawi la reli kutoka Msagali kwenda Kongwa, kuhudumia mashamba ambayo bado hayakuwa yamethibitisha kwamba yangezaa.

Mgogo yeyote wa Kongwa angewaambia jinsi mvua za pale zinavyodanganya na jinsi udongo unavyokauka ukawa kama saruji. Lakini mradi haukuwa na mlango wa kupitishia habari kama hizo. Waliopanga ndio waliotekeleza na ndio walioandika kwamba mambo yanaendelea vizuri. Mwaka 1951 serikali ya London ilifuta hasara ya zaidi ya pauni milioni 36. Tawi la Msagali nalo likaja kung'olewa.

Jina la Msagali lilirudi magazetini miaka hamsini baadaye, na safari hii kwa msiba. Asubuhi ya Juni 24, 2002, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu zaidi ya 1,200 ilipita Msagali na kuanza kupanda kilima cha Igandu. Breki zikaleta hitilafu, treni ikasimamishwa ili ikaguliwe. Kisha ikaanza kurudi nyuma. Mabehewa yalishuka kilima kwa kasi isiyoshikika, na kwenye njia ile ile moja nyuma yao ilikuwa inakuja treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Waliokosa wa kuwatambua walizikwa Maili Mbili, mjini Dodoma.

Nimewasikia watu wakiuita msiba ule bahati mbaya, na neno hilo sijawahi kulikubali. Breki ni kitu cha kukaguliwa. Nafasi kati ya treni mbili zinazofuatana kwenye njia moja ni kitu cha kusimamiwa. Shirika la Reli, TRC, ndilo lililomiliki njia, likaendesha treni na likajikagua lenyewe. Bunge lilikuwa limeshapitisha sheria ya kuunda SUMATRA, mamlaka ya kusimamia usafiri wa nchi kavu na majini, mwaka 2001, lakini mamlaka hiyo ilianza kazi 2004. Kati ya tarehe hizo mbili ndipo ilipoangukia asubuhi ya Igandu.

Yaliyofuata niyataje upesi. Mwaka 2007 uendeshaji ulikabidhiwa TRL, kampuni ambamo RITES ya India ilikuwa na asilimia 51, huku miundombinu ikibaki kwa kampuni ya serikali, RAHCO. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yakaivunja reli kati ya Kilosa na Gulwe, na safari zikasimama kwa miezi. Ndoa ya serikali na RITES ikavunjika. Sheria ya 2017 ikaunganisha tena TRL na RAHCO kuwa TRC mpya, na mwaka 2019 SUMATRA ikaiachia LATRA usimamizi wa usafiri wa nchi kavu.

TRC hiyo mpya ndiyo iliyobeba mradi mkubwa kuliko yote, reli ya kisasa (SGR). Mkataba wa Morogoro hadi Makutupora, kilomita 422 pamoja na njia za kupishana, ulitiwa saini mwaka 2017 na Yapi Merkezi ya Uturuki. Safari za umeme za Dar es Salaam hadi Dodoma zilianza Julai 2024. Njia mpya imechimbiwa mahandaki milimani upande wa Kilosa, na Igandu sasa ina stesheni ya SGR.

Tofauti ninayoiona na enzi za Kongwa ni kwamba safari hii aliyeshika kalamu ya ukaguzi hakuwa mjenzi. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ya mwaka 2021/22 ilihoji jinsi TRC ilivyompata mkandarasi wa kipande cha Tabora hadi Kigoma bila kushindanisha zabuni. Aprili 2023 Rais Samia akaivunja bodi ya TRC. Hasira zilikuwepo, lakini kilichonifariji ni utaratibu: tarakimu zilisomwa hadharani hapa Dodoma wakati kazi bado inaendelea, si baada ya mitambo kuwa chuma chakavu.

Hata hivyo CAG hukagua fedha na mikataba. Tope lililoziba kalavati hayupo kuliona. Reli ya zamani bado inapita bondeni, na treni bado zinapanda Igandu. Natamani kila Oktoba, kabla mvua hazijagonga Mpwapwa, taarifa ya LATRA kuhusu madaraja, makalavati na matuta ya bondeni, kutoka Kidete hadi Msagali, iwekwe mezani bungeni, ikiwa na jina la aliyekagua na tarehe aliyofika.