Msitu wa Tabora una umri gani?

Tuanze na swali la kukuchokoza kidogo. Ukisimama Ntalikwa, au kata nyingine yoyote ya pembezoni mwa Manispaa ya Tabora, pale mji unapoishia na miombo inapoanza, ukauliza msitu huu una umri gani, utajibiwa nini? Wengi watakuambia upo tangu enzi na enzi. Hata sisi tunaosoma mambo ya mazingira tunauita "msitu wa asili" bila kufikiri mara mbili, na hadithi inajimalizia yenyewe: palikuwa na msitu, akaja mkulima na shoka lake, msitu ukapungua. Kilichobaki ni kumzuia mkulima.

Mimi nadhani hadithi hiyo ina tundu kubwa katikati, na tundu lenyewe lina ukubwa wa miaka kama sabini hivi. Ili tulione, turudi kwenye barabara ya misafara.

Novemba 1857 Burton na Speke waliingia Kazeh, sehemu ya Tabora ya leo, baada ya kutembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Hawakukuta mji wa mitaa na maduka. Walikuta matembe, zile nyumba ndefu zenye paa bapa la udongo, yakiwa yametawanyika, kila moja na bustani na mashamba yake. Burton hakuwa mtu wa kumsifu Mwafrika. Ukimsoma utachoka na matusi yake. Lakini Unyamwezi alikubali kuiita bustani, na kuipa nafasi ya juu kuliko nchi nyingi alizopitia. Mtu mwenye chuki akisifu shamba lako, basi shamba hilo lipo kweli.

Kwa nini lilikuwepo? Hapa hebu tupige hesabu kidogo, kalamu mkononi.

Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa frasila mbili, yaani kilo kama 32. Posho yake ya kawaida ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, tuseme gramu 700. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni kama kilomita 800, na msafara usio na mikosi ulichukua miezi miwili mpaka mitatu. Chukua siku 70. Gramu 700 mara siku 70 ni kilo 49. Umeona? Chakula cha mpagazi mmoja wa safari hiyo ni kizito kuliko mzigo wenyewe aliolipwa kuubeba. Kwa hiyo hapakuwa na msafara uliobeba chakula chake. Walibeba nguo, shanga na nyaya za shaba, na njiani wakanunua mtama, mahindi, viazi vitamu, kunde, kuku. Msafara wa watu 1,000 ukipumzika Unyanyembe kwa siku kumi tu ulihitaji tani saba za nafaka. Na kwa mwaka walipita makumi ya maelfu ya watu.

Maana yake ni kwamba barabara ya misafara haikuwa uchochoro wa kupenya porini kama tunavyoichora vichwani. Ilikuwa mlolongo wa mashamba. Palipokosekana mashamba, kama mbuga za Gogo wakati wa njaa, au nyika isiyo na maji, watu walikufa, na kila mwandishi wa safari anaeleza hofu ya vipande hivyo.

Nani alilima? Tusiipambe picha. Wanaume wa Kinyamwezi walisafiri kiangazi, na wengi walijitahidi kurudi nyumbani kabla ya mvua ili washike jembe. Wanawake ndio waliobaki na shamba mwaka mzima. Na kuzunguka matembe ya wafanyabiashara wa Kiarabu na ya wakubwa wa Kinyamwezi, sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na watumwa, watu waliotekwa mbali, Manyema na kwingineko. Mpunga wa mabondeni na ngano ya Tabora vililimwa kwa jasho lao. Anayetaka kuisifu kilimo cha karne ile kama mfano wa "kuishi na mazingira" aanze kwa kulimeza jambo hilo.

Lakini kama elimu ya ardhi, kulikuwa na kitu. Mnyamwezi alilima kwa matuta: nyasi zinafyekwa, zinalazwa, udongo unafunikwa juu yake, nyasi zinaoza zikawa mbolea. Mashamba yaliyochoka yaliachwa yapumzike. Ng'ombe na mbuzi walizunguka makazi, moto wa msimu ulichomwa kwa mpangilio, na magome ya miti yakatengenezwa mizinga ya nyuki. Matokeo yake ni kwamba kuzunguka kila makazi palikuwa na duara la ardhi iliyo wazi. Duara hilo lilikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyeiandikia sheria: kumzuia mbung'o.

Mbung'o, au ndorobo kama wengine wanavyomwita, ni mdudu wa ajabu. Hatagi mamia ya mayai kama mbu. Jike hulea buu mmoja tumboni, akamtoa kwenye udongo wa kivulini, kisha akaanza kumlea mwingine. Anahitaji kivuli, na anahitaji damu ya wanyama kama ngiri na nyati. Ondoa kivuli, sogeza wanyamapori mbali, na mbung'o anakosa pa kukaa. Weka vichaka karibu na nyumba, na ng'ombe wako wanakufa kwa nagana, kisha wewe mwenyewe unaugua malale.

Sasa ngoja uone jinsi duara hilo lilivyovunjika.

Vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora vilianza 1871 na viliharibu vijiji vingi, ingawa Mirambo mwenyewe, huko Urambo, alikusanya maelfu ya watu mahali pamoja. Akafa 1884. Miaka michache baadaye, kuanzia 1890 hivi, ikaja sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliofagia Afrika Mashariki yote. Januari 1893 Wajerumani waliivunja ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, naye akafa humo. Miaka hiyohiyo ndui na nzige walizunguka, na funza nao wakafika kutoka pwani ya Atlantiki, wakisafiri kwenye nyayo za watu barabara kwa barabara. Wakulima wenye vidole vilivyooza hawalimi.

Kisha reli. Mwaka 1912 treni ilifika Tabora, na 1914 ikafika Kigoma. Tunaisherehekea reli, na ni haki, lakini fikiria kijiji kilichoishi kwa kuuzia misafara chakula. Wateja wake walipotea ndani ya miaka michache. Juu ya hapo ikaja vita kuu: watu walikamatwa kuwa wapagazi wa majeshi, vyakula vikachukuliwa, Wabelgiji wakaiteka Tabora Septemba 1916, na homa ya mafua ya 1918 ikamalizia.

Watu wakipungua, shamba halibaki shamba. Miombo ina tabia ambayo mkulima yeyote wa Tabora anaijua: ukikata mti, kisiki kinachipua. Mizizi inabaki hai chini ya shamba kwa miaka. Ukiliacha, machipukizi yanapanda, na baada ya miongo michache mgeni hawezi kujua kama palilimwa. Sotoka iliua ng'ombe pamoja na nyati na ngiri, kwa hiyo mbung'o naye alirudi nyuma kwa muda. Lakini wanyamapori walizaliana upya haraka kuliko watu na mifugo walivyorudi. Kichaka kilipokua, mbung'o alikuta meza imeandaliwa.

Mwaka 1922 malale yaligundulika Maswa, na baadaye yakaenea mpaka maeneo ya Tabora. Serikali ya Mwingereza ilijibu kwa kuhamisha watu: familia zilizotawanyika zilikusanywa kwenye vijiji vikubwa vilivyofyekwa pembeni. Kwa afya, mbinu hiyo ilisaidia. Kwa ardhi, ilimaanisha kwamba mahali palipoachwa paligeuka pori kabisa, na pori hilo likahesabiwa kuwa halina mwenyewe. Katika miongo ya mwisho ya ukoloni sehemu kubwa za mkoa zilichorewa mipaka ya hifadhi.

Mfano unaonikera zaidi ni Urambo. Mwaka 1947 Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga, Urambo ilikuwa moja ya maeneo matatu pamoja na Kongwa na Nachingwea. Sababu mojawapo? Ardhi ilikuwa na watu wachache. Pale pale alipokuwa na makao yake Mirambo, ndani ya maisha ya mtu mmoja mzee, pameitwa patupu! Mradi uliachwa 1951, karanga hazikuonekana, na Urambo ikaingia kwenye tumbaku. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa moto wa kuni, na kuni ni miombo. Hivyo msitu uliokua juu ya mashamba ya misafara ukaanza kukatwa upya ili kukausha majani ya sigara za watu wa mbali.

Jirani zetu Shinyanga walipata dawa ya kinyume kwa ugonjwa uleule. Kule, ili kumfukuza mbung'o, miti ilifyekwa kwa eneo kubwa mno, mpaka miaka ya 1980 mkoa ukawa unatajwa kama jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na kilichofanikiwa zaidi hakikuwa vitalu vya miche, bali kufufua ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kufunga kipande cha malisho ili kipumzike. Nyasi na miti vilirudi vyenyewe. Mdudu mmoja: Tabora waliondolewa watu, Shinyanga iliondolewa miti.

Tuwe waangalifu hapa. Hoja kwamba Mwafrika wa kabla ya ukoloni aliitawala ikolojia yake, na ukoloni ukaivunja, iliandikwa kwa nguvu na Helge Kjekshus mwaka 1977, baada ya John Ford kuandika juu ya mbung'o mwaka 1971. Wanahistoria waliofuata, Juhani Koponen akiwemo, walisema Kjekshus aliipaka rangi nzuri mno karne ya 19, ambayo nayo ilikuwa na njaa, vita na utumwa. Naona wako sahihi. Na si kila pori la Tabora lilikuwa shamba. Maeneo makavu yasiyo na maji pengine hayakulimwa kamwe. Ila marekebisho hayo hayarudishi hadithi ya "msitu wa tangu enzi".

Tofauti hiyo inagusa watu leo. Anayekamatwa kwa kulima ndani ya mpaka wa hifadhi anaitwa mvamizi, na huenda bibi wa bibi yake alipika ugali pale pale. Hilo peke yake halimpi haki ya kukata kila mti. Mkaa wa mjini na kuni za tumbaku ni mzigo halisi. Lakini linabadilisha swali tunalomuuliza. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Tumbi, hapo hapo Tabora, walilishughulikia kwa vitendo miaka ya 1990 wakishirikiana na shirika la ICRAF: mkulima apande miti ya kukua haraka, kama Acacia crassicarpa, pamoja na mahindi ya misimu ya mwanzo, aiache miti ikue miaka kadhaa, avune kuni, kisha alime tena palepale. Mzunguko wa shamba na msitu kwenye kipande kimoja. Bibi wa bibi angeuelewa bila semina.

Ukipata nafasi ya kwenda Ntalikwa au kata za jirani, nenda na mzee wa kijiji, uangalie chini zaidi kuliko juu. Tafuta mwembe mkubwa katikati ya pori. Kokwa ya embe ndege wa huku hawezi kuimeza, kwa hiyo muulize mwenyeji wako nani aliketi chini yake akila. Tafuta jiwe la kusagia, vigae vya vyungu, mistari ya matuta inayoonekana jua likiwa limeinama. Kisha muulize mzee jina la mahali hapo, na lina maana gani.