Joseph Kamaru na Wasikilizaji Wake

Katika nyumba kadhaa za Tetu zingaliko santuri kuukuu ambazo hazina tena gramafoni ya kuzipigia, wala wenyewe hawakubali kuzitupa. Ewe msomaji, ukiipangusa vumbi mojawapo na kulisoma jina lililoandikwa katikati, usishangae ukikuta ni la Joseph Kamaru. Yafaa tuulize ni kitu gani kilichowafanya watu wampende mwimbaji huyu kiasi hicho, maana waimbaji wenye sauti nzuri walikuwa wengi, nao wamesahauliwa.

Kamaru hakuwa mtu wa Nyeri. Alizaliwa mwaka 1939 huko Kangema, Murang'a, kwa jirani zetu wa kusini. Mwaka 1957 alikwenda Nairobi kutafuta kazi, akawa mtumishi wa nyumbani, na kwa akiba ya mshahara wake mdogo akanunua gitaa. Katikati ya miaka ya 1960 akaanza kutia nyimbo zake katika santuri, na mwaka 1967 wimbo uitwao Celina, aliouimba pamoja na dada yake Catherine Muthoni, ukamfanya ajulikane kila mahali palipo na Wakikuyu.

Ili uelewe furaha ya watu wa siku zile, kwanza ukumbuke kimya kilichotangulia. Katika miaka ya 1940 vijana wa nchi hii walikuwa na ngoma yao ya mwomboko, iliyochezwa kwa kinanda cha mkono na karing'aring'a, yaani pete ya chuma igongwayo kwa kipande cha chuma. Wazee wengine waliidharau wakisema ni uigaji wa Wazungu, na kwa kweli hatua zake zilichukua kitu katika dansi za Kizungu. Lakini vijana hawakujali. (Ni mara ngapi wazee wamependa ngoma ya watoto wao?) Kisha mwezi wa Oktoba 1952 ikatangazwa Hali ya Hatari. Tetu, nchi alikozaliwa Dedan Kimathi, ilionja uchungu huo kikamilifu. Tangu mwaka 1954 watu waliondolewa katika mashamba yao wakakusanywa vijijini chini ya ulinzi, na saa za kutoka nje zikawa ni za kuhesabiwa. Mtu alijifunza kunyamaza hata mbele ya jirani yake. Basi mtoto aliyekulia katika vijiji vile alikuwa ndiyo kwanza anakuwa kijana hapo Kamaru alipoanza kuimba.

Nadhani hapo ndipo ilipo siri yake. Kamaru alisema hadharani mambo ambayo watu waliyanong'ona, naye aliyasema kwa methali na mafumbo, kama mzee aliyeketi barazani, ingawa yeye mwenyewe alikuwa kijana. Kijana alisikia ujasiri, mzee akasikia adabu, na wote wawili waliweza kusikiliza santuri moja bila ya kuoneana haya.

Sisi walimu tunao wimbo mmoja wa kutuumiza. Unaitwa Ndari ya Mwarimu, maana yake mpenzi wa mwalimu, nao wamhusu mwalimu anayemtongoza msichana anayemfundisha. Walimu walikasirika sana, hata wakatishia kugoma. Mimi ni mwalimu, na nijuavyo heshima ya kazi yetu naelewa kwa nini walitahayari. Lakini siwezi kuwaunga mkono. Mzazi wa siku zile, asiyejua kusoma, angewezaje kumshtaki mwalimu, mtu mkubwa kijijini baada ya mchungaji na chifu? Wimbo ulimpa maneno ya kuanzia. Msichana naye, alipousikia ukipigwa dukani, alitambua kwamba jambo lililomtisha lina jina, na kwamba aibu si yake.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 1975. Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, ng'ambo ya pili ya safu hii ya milima tunayoiona kutoka Tetu, alitoweka tarehe 2 Machi, na baadaye maiti yake ikatambuliwa. Alikuwa amewekwa kizuizini enzi za Wakoloni, na baada ya uhuru aliwatetea maskini waziwazi. Kamaru, ambaye hapo awali alikuwa na uhusiano mwema na Rais Kenyatta, alitoa wimbo wa kumwombolezea. Redio ya Serikali haikuupiga, lakini watu waliinunua santuri yake kwa wingi.

Jambo la namna hii lilitokea Uingereza pia, miaka miwili tu baadaye. Mwaka 1977 BBC ilikataa kuupiga wimbo wa vijana walioitwa Sex Pistols uliomdhihaki Malkia, na hata hivyo wimbo huo ulifika nafasi ya pili katika mauzo ya nchi nzima. Vijana wale walivutwa na matusi na kelele. Wasikilizaji wa Kamaru walivutwa na maombolezo yaliyopangwa vizuri, nami naona kwamba maombolezo yanahitaji moyo mkuu zaidi.

Usidhani, hata hivyo, kwamba wasikilizaji ni watu wa kumfuata mwimbaji popote aendapo. Mwaka 1993 Kamaru alitangaza kwamba ameokoka, akaziacha nyimbo zake za kidunia akashika za dini. Wengi wa waliompenda walinung'unika, na nyimbo mpya hazikupata wanunuzi kama zile za kwanza. Walimtaka yule mzee wa mafumbo. Baadaye alizirudia nyimbo zake za zamani.

Alifariki tarehe 3 Oktoba 2018. Anaye mjukuu aliyepewa jina lake kwa desturi ya Kikuyu, Joseph Kamaru, ajulikanaye kama KMRU. Kijana huyo hufanya muziki wa mitambo usio na maneno, ambao wazee wa Tetu wangeusikiliza kwa mshangao. Na pamoja na kazi hiyo amekuwa akizisafisha rekodi za babu yake na kuzitoa upya katika intaneti, ili zisikike hata pale ambapo gramafoni imekwisha kuharibika.