Shamba la Bi. Holaria na Ibara ya 13



Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Katiba yake haikuwa na sura ya haki za binadamu. Viongozi wa wakati ule waliikataa, wakihofu kwamba mahakama zingeitumia kuifunga serikali mikono katika kazi ya kulijenga taifa changa. Tusiwahukumu upesi mno, kwani majaji wengi walikuwa bado wageni. Hata hivyo usawa haukusahauliwa. Katiba ya TANU, ambayo mwaka 1965 iliambatanishwa na Katiba ya Muda, iliukiri usawa wa watu wote, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitanguliza ungamo hilohilo. Lakini lilibaki kuwa ungamo. Mwananchi hakuweza kulishika mkononi na kwenda nalo mahakamani.

Katiba ya mwaka 1977 nayo ilipita bila sura hiyo. Ni Marekebisho ya Tano, ya mwaka 1984, yaliyoingiza haki za msingi katika Katiba; na hata hapo serikali ilijipa miaka mitatu ya kuzipanga upya sheria zake, hivi kwamba milango ya mahakama ilifunguliwa Machi 1988 tu.

Miezi mitano baadaye, katika wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, mama mmoja aliuza shamba.

Jina lake Holaria Pastory. Shamba lilikuwa la ukoo, naye alirithishwa na baba yake kwa wosia halali. Alikuwa anazeeka, hana wa kumtunza, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Ilikuwa tarehe 24 Agosti 1988. Kesho yake mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alikwisha kufungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba mwanamke wa Kihaya hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo.

Kwa mujibu wa sheria iliyoandikwa, mpwa alikuwa na hoja. Mila za urithi zilikuwa zimekusanywa na kutangazwa na serikali mwaka 1963, na kanuni ya 20 ilisema wazi kwamba mwanamke aweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini asiiuze. Mwanamume wa ukoo aliweza kuuza, ingawa ndugu zake walikuwa na nafasi ya kuikomboa ardhi kwa kurudisha bei. Mahakama ya Mwanzo ikaubatilisha uuzaji, ikamwamuru mama arudishe fedha. Mahakama ya Wilaya ikaipindua hukumu hiyo kwa kuitazama Katiba mpya. Mpwa akakata rufani Mahakama Kuu, Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya.

Hapa ndipo penye fundisho la historia, nami naomba tukae kidogo. Ibara ya 13 ilikataza ubaguzi, ikataja taifa, kabila, mahali mtu atokapo, maoni ya kisiasa, rangi, dini na hali ya maisha. Jinsia haikutajwa! Msomaji mwenye moyo mgumu angesema: waliotunga walijua walichokiacha, basi na kibaki nje. Jaji hakusoma hivyo. Aliirudia ibara ya 9, ambamo Katiba yenyewe inaiagiza dola ifuate Tangazo la Dunia kuhusu Haki za Binadamu, na Tangazo hilo halimbagui mwanamke. Akautazama pia mkataba wa kimataifa juu ya wanawake ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Tarehe 22 Februari 1990 akatamka kwamba kanuni ya 20 isomwe kana kwamba wanawake na wanaume wana haki zilezile juu ya ardhi ya ukoo, na mipaka ileile. Ukoo haukunyang'anywa nafasi yake ya kukomboa. Ulitakiwa tu kulipa bei, kama ambavyo ungelipa kwa mwanamume.

Neno lililokosekana liliongezwa katika ibara ya 13 mwaka 2000, miaka kumi baada ya jaji kuisoma ibara hiyo kana kwamba limo. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilikuwa zimekwisha kutamka usawa huo katika umiliki.

Mtu angedhani njia ilikuwa imenyooka tangu hapo. Sivyo. Wajane wawili, mafundi cherehani, waliotolewa na jamaa za waume zao katika nyumba walizoishi, walizipinga kanuni hizohizo za mwaka 1963. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta, ikisema mila hazibadilishwi kwa tamko la mahakama. Ikaelekeza suala hilo kwenye halmashauri za wilaya. Katiba ni ileile, tena sasa jinsia imetajwa waziwazi, na jibu likawa la uoga kuliko la mwaka 1990. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufani yao kwa kasoro ya nyaraka.

Wakaenda mbali zaidi, kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia ule mkataba juu ya wanawake. Mwaka 2015 kamati iliona kwamba haki zao zimevunjwa, ikataka walipwe fidia na kanuni za 1963 zirekebishwe. Ilikuwa miaka 25 tangu hukumu ya Mwanza.