PAKA WA NDANI NA PAKA WA NJE: TUANZIE MADINA



Ndugu zangu katika imani, kuna swali linalorudi tena na tena kwenye ujumbe ninaopokea. Linatoka zaidi kwa ndugu wanaoishi kwenye fleti, wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, na wengine wako Muscat na Ulaya. Maneno hutofautiana lakini jambo ni moja: "Sheikh, nina paka. Nikimfungia ndani, je, mimi ni kama yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka? Na nikimwachia atoke, atagongwa na bodaboda, au atakula vifaranga vya jirani na jirani atamtegea sumu. Nifanye nini?"

Swali hili sitalijibu kwa neno moja la halali au haramu. Lina historia ndefu, na bila historia hiyo utaisoma hadithi nusu. Basi tulia, chukua chai yako, twende taratibu.

Tuanze na huyo mwanamke, maana ndiye anayewatia watu hofu. Hadithi yake ni sahihi, imo ndani ya Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ibn Umar na pia Abu Hurayra (Allah awawie radhi). Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa mwanamke huyo aliadhibiwa kwa paka aliyemfungia mpaka akafa. Sasa zingatia hapa. Mtume (s.a.w.) hakuishia kwenye kufungia. Alieleza kosa kwa pande mbili: alipomfungia hakumpa chakula wala maji, na wala hakumwacha aende akajitafutie wadudu na vijidudu vya ardhini. Yaani alikuwa na milango miwili ya kutokea na akaifunga yote. Angemlisha akiwa ndani, asingekuwa na kosa hilo. Angemwachia nje bila kumlisha, vilevile asingekuwa na kosa hilo.

Hivi ndivyo wanazuoni walivyoielewa. Al-Hafidh Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki Misri mwaka 852 Hijria (1449), katika sherehe yake ya Sahih al-Bukhari amenukuu kwamba hadithi hii inaonyesha inajuzu kufuga paka na hata kumfunga, maadamu mwenyewe hapuuzi kumlisha na kumnywesha. Kwa hiyo anayekuambia "kufungia paka ndani ni haramu moja kwa moja kwa ushahidi wa hadithi ya yule mwanamke", mwambie airudie hadithi mpaka mwisho.

Lakini usifurahi mapema. Kujuzu ni jambo moja, na namna paka walivyoishi na Waislamu wa mwanzo ni jambo jingine.

Njoo tuingie nyumbani kwa swahaba Abu Qatada (r.a.). Kabsha, binti wa Ka'b bin Malik, aliyekuwa ameolewa na mtoto wa Abu Qatada, anasimulia kwamba mkwewe aliingia kwake, naye akammiminia maji ya udhu. Akaja paka anataka kunywa. Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa akatosheka. Kabsha akawa anamtazama kwa mshangao. Mzee akamuuliza kama anastaajabu, kisha akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, bali ni katika wale wanaowazungukieni majumbani mwenu. Hadithi hii imo katika Muwatta ya Imam Malik, na kwa Abu Dawud na Tirmidhi, na Tirmidhi ameisahihisha.

Neno lililotumika ni "tawwafin", wazungukaji. Na ukifungua Suratun Nur, aya ya 58, utakuta Allah (s.w.t.) ametumia neno la shina hilohilo kwa watumwa wa nyumbani na watoto wadogo. Hao walifanyiwa wepesi katika kubisha hodi. Wanatakiwa kuomba ruhusa nyakati 3 tu za faragha, na nyakati nyingine wanapita, kwa sababu kazi yao ni kuingia na kutoka. Wanazuoni wakasema wepesi wa paka umetoka hapohapo: huwezi kumzuia, anaingia na kutoka, na kama mabaki yake yangekuwa najisi watu wangepata dhiki kubwa.

Umeona? Paka wa Madina hakuwa wa ndani, na hakuwa wa nje. Alikuwa wa mlangoni. Nyumba zilikuwa na pazia, ua ulikuwa wazi, panya walikuwa kwenye tende na nafaka, na paka alipita kama mtoto wa jirani anavyopita. Anayetaka kuthibitisha kwa Sunna kwamba paka lazima awe ndani, na anayetaka kuthibitisha kwamba lazima awe nje, wote wawili wanabeba maisha ya leo wanayarudisha karne ya 7.

Na Abu Hurayra mwenyewe? Jina lake linalojulikana zaidi ni Abdur-Rahman bin Sakhr, wa kabila la Daws kutoka Yemen, alifika Madina mwaka wa Khaybar, mwaka wa 7 Hijria. Katika Tirmidhi anaeleza sababu ya lakabu yake: alikuwa akichunga mbuzi na kondoo wa watu wake, naye ana kijipaka. Usiku alimweka juu ya mti, mchana alikwenda naye malishoni akicheza naye. Basi watu wake wakamwita baba wa kijipaka. Angalia mpango wa kijana yule: usiku kuna hatari, paka anawekwa mahali pa salama. Mchana mwenyewe yupo, paka yuko huru pembeni yake.

(Mtu ataniuliza habari ya paka "Muezza", na ile hadithi ya Mtume (s.a.w.) kukata mkono wa kanzu ili asimwamshe. Ndugu yangu, haipo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa. Kisa cha kukata mkono wa nguo kwa ajili ya paka aliyelala kinasimuliwa juu ya Sheikh Ahmad ar-Rifa'i wa Iraq, aliyefariki mwaka 578 Hijria. Acheni kusambaza lile lenye jina Muezza. Mtume wetu ana hadithi za kweli za kutosha.)

Sasa turuke mpaka karne ya 7 Hijria, Misri na Sham. Hapa kuna watu wawili wanaonivutia sana.

Wa kwanza ni Sultani Baybars, aliyetawala kuanzia 1260. Ni mtawala wa vita, aliyepigana na Wamongolia na wapiganaji wa msalaba. Pamoja na ukali wake, aliweka wakfu bustani karibu na msikiti wake, kaskazini ya Cairo, kwa ajili ya paka wasio na wenyewe. Ndiyo, bustani ya wakfu, kwa paka. Ikaitwa kwa jina lao.

Wa pili ni Imam an-Nawawi wa Sham, mwanachuoni aliyemwandikia Sultani huyohuyo barua za kumpinga katika kodi alizowatwisha watu. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 676 Hijria, sawa na 1277. Sultani aliwafikiria paka wanaozurura. Imam aliwafikiria watu wanaoudhiwa na paka hao. Katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wetu wa Lamu, Mombasa na Unguja wamekisomesha vizazi kwa vizazi, ameeleza kwamba paka akiharibu ndege au chakula cha mtu, na akawa anajulikana kwa tabia hiyo, basi mwenyewe analipa, ikiwa usiku au mchana. Kama hakuwahi kujulikana kwa hilo, halipi. Hayo ndiyo yaliyo sahihi zaidi katika madhehebu ya Shafi.

Wewe unayesema "paka ni mnyama tu, siwezi kumzuia", soma tena sentensi hizo. Kifaranga cha kwanza ni ajali. Cha pili na cha tatu, jirani akishakuja kukuambia, ni deni lako. Na wala usimsubiri akudai, mpelekee.

Kuna mas'ala mengine ya fiqhi ya Shafi ambayo watu wa fleti hawayafikirii. Paka amekula panya, mdomo wake umenajisika, kisha akaja kunywa kwenye ndoo yako. Imam Nawawi amelieleza hili kwa kirefu katika al-Majmu'. Akishapotea machoni pako kwa muda unaowezekana kuwa amekunywa maji mengi mahali, kisha akarudi akanywa, maji yako hayahukumiwi kuwa najisi. Kule kuzurura kwake kumempa nafasi ya kudhaniwa wema! Lakini paka wa ndani aliyekamata panya jikoni mbele ya macho yako na hakutoka, akaenda moja kwa moja kwenye ndoo ndogo ya udhu, huyo hana udhuru huo. Mwage maji, uoshe ndoo. Hukumu ya zamani ilijengwa juu ya paka anayekwenda na kurudi. Maisha yakibadilika, inabidi ujue hukumu inakaa wapi.

Na ile bustani ya Baybars ilifikia wapi? Mwingereza Edward William Lane aliishi Cairo na kitabu chake juu ya desturi za Wamisri kikatoka mwaka 1836. Anaeleza kwamba bustani iliuzwa mkono hadi mkono, mpaka ikabaki kodi ya piasta 15 tu kwa mwaka kwa ajili ya paka. Hata hivyo mzigo ule ulikuwa umemwangukia Kadhi. Kila alasiri, baada ya swala, yaliletwa mabaki ya nyama kwenye uwanja mkubwa wa mahakama ya Kadhi, na paka wa mji wakaitwa kuja kula. Zaidi ya miaka 550 baada ya Sultani kufa! Ardhi imeliwa, majengo yamejengwa, na wakfu bado unapumua kwa utumbo na mapupu uwanjani kwa Kadhi. Mimi huwa naisoma habari hii nikifikiria wakfu wetu wa pwani, na wangapi walioula hawakubakisha hata hizo piasta 15.

Basi huyu paka wa ndani kabisa, asiyekanyaga udongo, ametoka wapi? Ametoka dukani. Mwaka 1947, huko Michigan, Marekani, kijana Edward Lowe, ambaye baba yake alikuwa na biashara ya kuuza vitu vya kufyonza mafuta na maji viwandani, aliombwa na jirani mchanga kwa ajili ya paka wake. Akampa udongo mkavu unaofyonza unyevu. Jirani akaupenda, Lowe akaujaza kwenye mifuko akaanza kuuza senti 65 mfuko. Kabla ya hapo, anayetaka paka ndani alitumia majivu au mchanga, harufu ikawa nyingi, na paka wengi wakatolewa nje usiku. Sanduku la udongo, chakula cha kopo na kuhasi wanyama ndivyo vilivyomfungia paka mlango. (Kuhasi kuna khilafu, hilo lina somo lake.)

Hoja ya pili ya kumfungia ni ya viumbe wengine. Katika kisiwa cha Stephens, New Zealand, mnara wa taa ulianza kazi mwaka 1894 na paka wakaingia na watu. Kulikuwa na ndege mdogo asiyeruka. Ndani ya miaka michache ametoweka, na hajaonekana tena duniani. Marekani, utafiti uliotoka 2013 ulikadiria kwamba paka wanaozurura huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kwa mwaka, wengi wao wakiuliwa na paka wasio na mwenyewe. Katika mji wa Walldorf, Ujerumani, mwaka 2022 iliamriwa paka wafungiwe miezi ya kutaga na kulea, kumlinda ndege mmoja tu anayejenga kiota chake chini. Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu Suratul An'am, aya ya 38, imetuambia kuwa ndege nao ni umma kama sisi.

Sasa narudi kwako. Unaishi Lamu au mtaa wa zamani wa Mombasa, nyumba ina daka na kiwanda, majirani wanamjua paka wako kwa jina: mwache alivyo, huyo ndiye mzungukaji wa hadithi. Jioni mwite, umlishe, umlaze ndani, kama Abu Hurayra alivyomnyanyua wa kwake. Akianza kula vifaranga, mzuie na ulipe.

Unaishi ghorofa ya 6 juu ya barabara kuu: kumfungia kunajuzu, na huenda ndiko kumhurumia zaidi. Lakini fahamu umeufunga mlango mmoja kati ya ile miwili, na mlango uliobaki uko mikononi mwako peke yako. Maji safi kila siku. Chakula kwa wakati. Udongo wake ubadilishwe, dirisha liwe na wavu, apate mahali pa kupanda na kukwangura kucha, na mtu wa kucheza naye. Paka wa mtaani ukimsahau siku moja atakwenda bucha. Wa kwako hana bucha.

Na wale walioniuliza kuhusu safari, kwamba "nakwenda Tanga siku 4, namwekea bakuli kubwa la chakula namfungia, inatosha?" Haitoshi. Bakuli la maji linapinduka siku ya kwanza. Mpe jirani ufunguo aingie asubuhi na jioni, au mpeleke kwa ndugu. Kama hakuna jirani wala ndugu wa kumwachia, usifunge mlango ukaondoka. Ahirisha safari, au usafiri naye kwenye kikapu.

Wallahu a'lam.