Kugumisha Ganda: Istilahi Inayodaiwa na Karakana

Ruangwa, kusini mwa Tanzania, ni wilaya ya madini ya kinywe. Neno kinywe leo limo katika leseni za uchimbaji, taarifa za habari na mazungumzo ya vijiweni, na limezoeleka. Kinywe ni kaboni. Mkaa wa jikoni nao, kwa sehemu kubwa, ni kaboni. Kaboni hiyohiyo ndiyo inayoamua kama chuma kitakuwa laini au kigumu, lakini tukifika hapo Kiswahili cha karakana kinapungukiwa na maneno.

Fundi wa Nachingwea anayefua panga kutokana na springi ya gari huipasha moto mpaka iwe nyekundu, akaizamisha kwenye maji au oili, nayo ikawa ngumu. Akiifanyia hivyo pini aliyoichonga kwa chuma laini, itatoka karibu vilevile ilivyoingia. Springi ina kaboni ya kiasi cha asilimia 0.6, ilhali chuma laini kwa kawaida hakifiki asilimia 0.3. Tukiita kazi zote mbili “kugumisha chuma”, tunamficha fundi chanzo cha hasara yake.

Chuma laini sharti kwanza kilishwe kaboni. Kifaa hufukiwa katika mkaa mkavu wa kuni na wa mifupa, ndani ya sanduku la chuma ambalo mfuniko wake umezibwa kwa udongo ili hewa isipenye. Sanduku hukaa motoni kwa saa kadhaa, kwenye joto linalozidi nyuzi 730 za Selsiasi. Gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye mkaa huiacha kaboni juu ya chuma, nayo huzama kidogo tu, chini ya milimita moja. Kisha vyote humwagwa majini kwa mpigo mmoja. Hutoka kifaa kinachofanana na korosho mbichi: ganda gumu, ndani laini. Ganda halisagiki upesi, na kiini hakivunjiki kwa kishindo.

Kwa hiyo napendekeza maneno matatu. Hatua ya mkaa tuiite kulisha kaboni. Hatua ya maji tuiite kuzima, kitenzi ambacho waashi wanakitumia tayari kwa chokaa. Kazi nzima tuiite kugumisha ganda. Mwanafunzi akiyasikia maneno hayo atajua kinachoingia, kinachofanyika na mahali ugumu unapokaa.

Limebaki suala la rangi. Watengenezaji wa bunduki wa Uingereza na Marekani waliithamini sana kazi hii kwa sababu chuma hutoka na michirizi ya buluu, kahawia na kijivu. Ni rahisi kusema “kugumisha kwa rangi”, lakini jina hilo litapotosha. Rangi kwetu ni pia ile ya kopo na brashi, na hapa hakuna kilichopakwa. Kuna utando mwembamba mno wa oksidi, unene wake ukitofautiana hapa na pale, na mwanga unaoakisiwa nao ndio unaoleta rangi hizo. Kiswahili kina neno mabaka, linalotaja kile jicho linachokiona. Kugumisha ganda kwa mabaka ni jina la kweli.

Ufundi wa chuma si mgeni kusini. Yohana Abdallah, katika kitabu chake cha historia ya Wayao kilichochapishwa mwaka 1919, anawataja Wachisi, ukoo wa wahunzi. Mhunzi, fuawe, mivukuto na koleo ni maneno yaliyotoka kazini. Baadaye vitabu navyo vilifanya sehemu yake: mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Lakini kamusi ya darasani haifiki yenyewe kwenye tanuri.

Baraza la Kiswahili (BAKITA), mamlaka ya mafunzo ya ufundi (VETA) na shirika la viwanda vidogo (SIDO) wawaite mafundi wa Nachingwea na Ruangwa, wawasikilize wanavyosema wakiwa kazini, kisha wayasanifu maneno hayo na kuyaandika katika miongozo ya mafunzo. Wewe fundi unayesoma haya, ukiwa na neno bora kuliko “kugumisha ganda”, lilete.